Maneno ya Kiingereza ya Maafa na Uharibifu: Mwongozo Kamili kwa Wasemaji wa Kiswahili Uganda

Mlima unapoporomoka Bududa au mto Nyamwamba unapofurika Kasese, watu huitana na kutafutana kwa Kimasaba, kwa Kikonzo au kwa Kiswahili. Lakini barua inayotoka kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kwenda kaunti ndogo, kisha wilayani, na hatimaye katika Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia misaada ya maafa, huandikwa kwa Kiingereza. Hali ni hiyo hiyo kwa fomu za tathmini, kwa taarifa za Msalaba Mwekundu na kwa sehemu kubwa ya habari za magazetini. Mwongozo huu umekusudiwa kiongozi wa kijiji, mtu wa kujitolea, mwandishi wa habari anayeanza na mwanafunzi wa sekondari, yaani mtu anayejua vizuri kilichotokea lakini akakwama anapotakiwa kukieleza kwa Kiingereza kisicho na utata.

Hatua ya kwanza: Panga daftari kwa mfuatano wa tukio

Orodha za maneno zilizopangwa kwa alfabeti hazisaidii sana, kwa sababu ukurasa wa kwanza zinakupa “avalanche”, ambayo ni maporomoko ya theluji ambayo mkazi wa Soroti huenda asiyaone maisha yake yote, na ukurasa wa mwisho kabisa ndipo zinapokupa “washed away”, ambalo atalihitaji mvua za Aprili zikinyesha. Tenga kurasa nne za daftari: ya kwanza iwe ya majina ya majanga, ya pili iwe ya vitenzi vinavyosema janga limefanya nini, ya tatu iwe ya viwango vya uharibifu, na ya nne iwe ya watu na hali waliyobaki nayo. Kila neno liandikwe ndani ya sentensi fupi yenye mahali unapopafahamu, kwa kuwa neno lililojifunzwa peke yake husahaulika, na hata likikumbukwa huwekwa mahali pasipolifaa.

Hatua ya pili: Anza na majanga ya hapa nyumbani

Kwa Uganda, neno la kwanza ni “landslide”, maporomoko ya ardhi. Tarehe 1 Machi 2010 udongo wa mlima Elgon ulikifunika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, pamoja na kituo chake cha afya, na mamia ya watu hawakupatikana tena. Mwezi Novemba 2024 balaa kama hilo liliikumba wilaya ya Bulambuli. Kilichoteremka kikiwa hasa tope jepesi linalotiririka, Kiingereza husema “mudslide”. Yakiwa ni mawe yanayoanguka kutoka kwenye jabali, husema “rockfall”. Usipokuwa na uhakika andika “landslide”, kwa sababu linayabeba yote.

“Flood” ni mafuriko, na mara nyingi huonekana kwa wingi, “floods”. “Flash flood” ni mafuriko ya ghafla yanayokuja ndani ya saa chache baada ya mvua kubwa, kama yale ya Mbale mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipoingia mjini usiku. Ziwa linapopanda polepole kwa wiki na miezi, kama Ziwa Victoria lilivyopanda mwaka 2020 na kuzimeza fukwe na mialo, hilo si “flash flood” hata kidogo. Maneno yake ni “rising water levels”. Tofauti hiyo ina uzito kwa msaidizi aliye mbali, kwa sababu ya kwanza humwambia kwamba watu hawakupata muda wa kukimbia, na ya pili humwambia kwamba wanahitaji mahali pa kuhamia.

Radi inahitaji uangalifu zaidi. Neno moja la Kiswahili hubeba mwanga, mlio na pigo lenyewe, ilhali Kiingereza huvigawa: “lightning” ni ule mwanga wa umeme unaoua, na “thunder” ni ngurumo tu, ambayo haimdhuru mtu. Shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, ilipopigwa tarehe 28 Juni 2011 na wanafunzi 18 wakafariki, kilichowaua kilikuwa “lightning”. Neno hili halina wingi, na wala halipokei “a” mbele yake. Ukitaka kuhesabu mapigo, sema “lightning strikes”. Aidha, usiliongezee herufi “e” katikati, kwa sababu “lightening” ni kupunguza uzito au kufanya jambo liwe jepesi, na kosa hilo hujitokeza hata kwenye ripoti zilizogongwa mhuri.

Mvua ya mawe ni “hail” na punje zake ni “hailstones”; mvua hiyo ikija pamoja na upepo mkali huitwa “hailstorm”, neno linalofaa sana kwa wakulima wa migomba. Tetemeko la ardhi ni “earthquake”, na likiwa dogo huitwa “tremor”. Matetemeko madogo yanayofuata lile kubwa ni “aftershocks”. Nguvu ya tetemeko ni “magnitude”, na mahali juu ya ardhi palipo moja kwa moja juu ya chimbuko lake ni “epicentre”. Kwa mfano, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na “magnitude” ya 5.9, “epicentre” yake ilikuwa karibu na Bukoba nchini Tanzania, na mtikisiko wake ulifika kusini mwa Uganda. Wazee wa Toro watakutajia lile la Machi 1966, ambalo liliua watu zaidi ya mia moja.

“Drought” ni ukame na “famine” ni njaa kuu inayoua watu. Karamoja hupata ukame mara nyingi, lakini si kila ukame hufikia kuitwa “famine”. Mashirika ya misaada yana vipimo vyao kabla ya kulitumia neno hilo, kwa hiyo mwandishi wa kijijini atakuwa salama zaidi akiandika “food shortage” au “severe hunger”. Nzige waliovamia kaskazini mashariki mwezi Februari 2020 huitwa “locusts”, na kundi lao ni “swarm”.

Majanga ya mbali yapitie haraka. “Hurricane”, “typhoon” na “cyclone” ni aina moja ya tufani linalozaliwa baharini, ila jina hufuata bahari: la kwanza ni la Atlantiki na mashariki mwa Pasifiki ya kaskazini, la pili ni la magharibi mwa Pasifiki hiyo, na la tatu ni la Bahari ya Hindi na Pasifiki ya kusini. Ndiyo maana Idai, iliyoiharibu Beira nchini Msumbiji mwezi Machi 2019, ilikuwa “cyclone”. Ongeza “tsunami”, “volcanic eruption” ambayo ni mlipuko wa volkano, na “wildfire” ambayo ni moto wa nyika. Kwa mtihani hayo yanatosha.

Hatua ya tatu: Fungamanisha kila janga na kitenzi chake

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtu akijua majina kumi na vitenzi viwili ataandika vibaya kuliko anayejua majina manne na vitenzi kumi, kwa kuwa habari ya maafa inabebwa na kitenzi.

Vitenzi vya jumla ni “hit” na “strike”, vyenye maana ya kukumba au kupiga. “Hit” haibadiliki katika wakati uliopita. “Strike” huwa “struck”. Radi hutumia zaidi cha pili: mtu aliyepigwa na radi “was struck by lightning”, wala hatusemi “beaten”, ambalo ni la kipigo cha fimbo au cha mpira wa miguu. Mto uliovunja kingo zake “burst its banks”, na “burst” nalo halibadiliki; Nyamwamba ulifanya hivyo tarehe 1 Mei 2013 na ukarudia Mei 2020, ukiharibu hospitali ya Kilembe. Daraja lililosombwa “was washed away”. Mtu au gari lililochukuliwa na maji “was swept away”. Nyumba iliyofunikwa na udongo “was buried”. Mti uliong’olewa na mizizi yake “was uprooted”. Paa lililopeperushwa na upepo “was blown off”. Kijiji ambacho barabara yake imekatika “is cut off”, hata kama nyumba zote zimesimama, na hii ni habari inayopaswa kutangulia katika ripoti yoyote, kwa kuwa inaamua kama lori litafika au hapana.

Sasa tazama viambishi vyetu. Kiswahili hutofautisha bomoa, bomoka na bomolewa ndani ya kitenzi kimoja, nasi tumezoea kwamba herufi mbili tatu za mwisho zinamaliza mjadala wa nani alifanya na nani alifanyiwa. Kiingereza hubadilisha kitenzi chenyewe. Ukuta uliobomoka “collapsed”. Ukuta uliobomolewa na manispaa “was demolished”. Kwa hiyo “the house was collapsed” ni kosa, na ndilo kosa ambalo msahihishaji hukutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote katika mada hii, kwani mwandishi husikia maumivu ya nyumba akadhani lazima pawe na aliyeiumiza. “Collapse” husimama peke yake: “the classroom collapsed”, “the latrine collapsed”. Lundo la takataka la Kiteezi, karibu na Kampala, lililoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya thelathini, nalo “collapsed”. Ila hilo huwekwa katika fungu la “man-made disaster”, janga la kusababishwa na binadamu.

Kitenzi kingine cha kuchunga ni kuzama. Mtu aliyezama akafa “drowned”. Mtumbwi uliozama “sank”. Mtumbwi uliopinduka “capsized”, na unaweza kupinduka usizame. Nyumba au shamba lililozama chini ya maji “was submerged”. Ukiandika “the boat drowned” msomaji atacheka mahali ambapo hukukusudia kicheko, na ukiandika “ten people sank” hatajua kama wamekufa au wameokolewa.

Kupotea kuna hatari kama hiyo. Mtu ambaye hajaonekana baada ya maafa “is missing”. “Lost” humfaa mtoto aliyepotea njia sokoni. Lakini “lost their lives” ni kufariki, na ni usemi wa heshima ambao magazeti huupenda.

Hatua ya nne: Pima kiwango cha uharibifu kabla ya kuchagua neno

“Damage” ni kuharibu, mara nyingi kwa namna inayoweza kukarabatiwa. “Destroy” ni kuharibu kabisa. Mabati matatu yakiezuliwa, nyumba “was damaged”. Kuta zikilala chini, “was destroyed”. Kati ya hayo mawili kuna ngazi ambazo zinastahili kukaririwa kwa mpangilio: “slightly damaged”, “partly damaged”, “badly damaged”, “damaged beyond repair”, kisha “destroyed”. Fomu nyingi za tathmini huuliza hasa idadi katika kila ngazi, na mwenyekiti anayeandika “destroyed” kwa nyumba zote ili kijiji kihurumiwe hujikuta akipingwa na afisa wa wilaya anayekuja kuhesabu kwa macho yake. Barua yake inayofuata haitasomwa kwa imani ile ile.

“Damage” likiwa jina halina wingi katika maana hii. Andika “a lot of damage” au “serious damage”. “Damages” yenye “s” ni fidia inayotolewa na mahakama, na kuiweka katika ripoti ya mafuriko ni kama kudai umeshinda kesi. “Destruction” nalo halihesabiki. “Devastation” na “devastated” ni makali zaidi na hufaa kwa eneo zima, wala si kwa jiko la nje. “Flattened” ni kusawazishwa na ardhi, na “wiped out” ni kufutika. Hayo mawili yatumike pale tu jicho lilipothibitisha. Mabaki ya matofali na mbao ni “rubble”. Takataka, matawi na vifusi vilivyoletwa na maji ni “debris”. Kwa mazao sema “crops were destroyed” na utaje ekari na aina ya zao, kwa sababu ekari mbili za kahawa ya Bugisu na ekari mbili za mahindi ni hasara mbili tofauti.

Hatua ya tano: Wataje watu kwa usahihi

Waliofariki ni “dead”, waliojeruhiwa ni “injured”, waliokwama chini ya vifusi ni “trapped”, na walionusurika ni “survivors”. “Casualties” huwajumuisha waliokufa na waliojeruhiwa pamoja, kwa hiyo usiandike “ten casualties” ukikusudia maiti kumi. Idadi ya vifo ni “death toll”, nayo “rises” inapoongezeka na “stands at” inapotajwa ilipofikia. Miili ikiwa haijapatikana lakini matumaini yameisha, Kiingereza husema “feared dead”. Mwandishi mwangalifu huiacha kauli hiyo mikononi mwa wakuu waliosema, asijitangulize kuwazika watu ambao ndugu zao bado wanachimba.

Waliopoteza makazi ni “homeless”. Waliolazimika kuhama ni “displaced”. Kamwe usiwaite “refugees” isipokuwa wamevuka mpaka wa nchi, na hapa Uganda kosa hili lina gharama, kwa sababu nchi inahifadhi wakimbizi zaidi ya 1,500,000, wanaosajiliwa kwa utaratibu wao wenyewe. Familia iliyokimbia maporomoko Bulambuli ikalala shuleni Mbale ni “displaced”. Ikipewa ardhi mahali pengine na serikali, kama walivyohamishiwa baadhi ya watu wa Bududa kule Bunambutye, neno ni “resettled”. “Evacuated” ni kuondolewa kwa haraka ili kuepa hatari, kwa kawaida kwa muda.

Hatua ya sita: Soma tahadhari na sababu bila kuzichanganya

Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda hutumia vifupisho vya miezi, kama “MAM” kwa Machi hadi Mei na “SOND” kwa Septemba hadi Desemba. Ndani yake utakutana na “above normal”, “near normal” na “below normal”. Maneno hayo hulinganisha mvua inayotarajiwa na wastani wa miaka mingi ya eneo hilo hilo. “Above normal” kwa Moroto bado inaweza kuwa mvua ndogo kuliko “below normal” ya Kalangala. “Likely” ni kuna uwezekano mkubwa, si ahadi.

Tenganisha pia “hazard” na “disaster”. Mteremko mkali uliolowa ni “hazard”, hatari iliyopo hata kama hakuna anayeishi hapo. Unapowaangukia watu na kuwazidi uwezo, umekuwa “disaster”. Wataalamu wengi siku hizi hukwepa hata “natural disaster”, wakisema hatari ndiyo ya asili, na kwamba maafa hutokana pia na mahali tulipojenga na miti tuliyokata. Hoja yao ina nguvu, lakini mtihani na magazeti bado yanalitumia neno hilo, nawe utalitumia. Kwa sababu za tukio, “triggered by” hutaja kichocheo cha mwisho, yaani mvua ya usiku ule, na “caused by” hufaa zaidi kwa mambo ya msingi kama mteremko, udongo wa mfinyanzi na kilimo kisicho na matuta.

Hatua ya saba: Andika aya moja ya ripoti

Mfano huu una mpangilio unaofaa barua ya LC1, na majina ya mahali utayaweka mwenyewe:

“On Tuesday night, heavy rain triggered a landslide in our village. Four houses were destroyed and seven were badly damaged. The footbridge was washed away and the road to the health centre is cut off. Two people are injured and one is missing. About sixty people are homeless and are sheltering in the primary school. We urgently need tarpaulins, blankets and clean water.”

Angalia jinsi kila sentensi inavyobeba jambo moja: wakati na chanzo, nyumba, barabara, watu, makazi, mahitaji. Matukio yaliyokwisha yako katika wakati uliopita, na hali inayoendelea iko katika wakati uliopo, “is cut off”, “are homeless”. Ukiandika “was cut off” afisa ataelewa kwamba barabara imeshafunguliwa. “About” linakubali kwamba hesabu haijakamilika. Hakuna neno la kulia wala la kusihi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo nguvu ya aya hii, kwa kuwa namba saba za ukweli humsukuma msomaji wa wilayani kuliko vivumishi saba.

Barua ikisomwa kwa sauti au kwa simu, matamshi nayo yana neno. “Flood” hutamkwa karibu na “flad”, si “fluud”. “Drought” ni “draut”. “Buried” ni “berid”. “Debris” huacha “s” ya mwisho, likawa “debri”, na “tsunami” kwa wengi huanza na “s”.

Kwa mazoezi, chukua taarifa fupi ya maafa kutoka redio au gazeti lolote la Kiingereza, pigia mstari vitenzi vyake tu, kisha funga gazeti na uiandike upya kwa vitenzi hivyo ukibadilisha mahali na idadi. Mpe mwenzako aisome bila kumwambia lolote, halafu umwombe akueleze kwa Kiswahili ni nyumba ngapi bado zinakalika, ni wangapi wanatafutwa, na lori litapita wapi. Akikosea jibu lolote kati ya hayo matatu, rudi kwenye kitenzi cha sentensi hiyo.